Dagaa Aliyesahau Kwamba ni Samaki

Umeme ulikatika saa moja na nusu usiku, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba mtu na wa kiti cha pili hawasikilizani. Sisi tunaokaa mlimani kule Mabatini, Mwanza, mvua ya namna hiyo tunaisikia mara mbili: kwanza juu ya bati, halafu ikipita kwa kishindo katikati ya mawe kuwafuata walio bondeni. Sebuleni kulikuwa na watoto watatu. Binti yangu ana miaka 14. Wawili ni wa kaka yangu, walikuja likizo, mmoja ana 11 na mwingine 9. Simu zote zilikuwa zimebakiwa na chaji ya kuwashia tochi tu. Ludo ilishaisha vibaya tangu mchana, kwa sababu yule mdogo akishindwa hupindua ubao.

Nikapanda kwenye kiti kutafuta mishumaa juu ya kabati la vyombo. Mishumaa sikuiona. Nilichoshika ni bahasha ya risiti za mabati, kadi ya kliniki ya binti yangu, na chini kabisa kitabu kisicho na jalada, mende wamekila pembeni, kitabu ambacho nimekihamisha nyumba nne bila kukifungua.

Nilikinunua 2003 nikiwa nasoma uhasibu. Kulikuwa na kijana pale mjini akitandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai, na kwa shilingi 500 nilivutwa na michoro tu, wanyama wa katuni wanakimbizana ukurasa hadi ukurasa. Nilipofika chumbani ndipo nikagundua si kitabu cha hadithi. Ni kanuni za mchezo. Mchezo unaitwa Toon, ulitoka Marekani mwaka 1984, ulibuniwa na Greg Costikyan na kuchapishwa na kampuni ya Steve Jackson Games. Nakala yangu ni ya toleo la 1991.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wa aina hii: hauna ubao wala kete. Mnakaa mezani, kila mmoja anajibunia mhusika, mmoja wenu anasimulia kinachotokea, na wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu ndizo zinaamua. Mama wa michezo hii ni Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, ya mwaka 1974, na kule mhusika wako akipigwa sana anakufa, unaanza kubuni mwingine. Katika Toon hakuna kufa. Ni katuni. Ukipigwa hadi pointi zikaisha, Unaanguka Chini, unakaa nje ya mchezo dakika 3 za saa ya ukutani, halafu unarudi mzima kama hujaguswa.

Mwaka 2004 niliwahi kuujaribu, kwenye geto la Nyegezi, na marafiki wanne na mfuko wa karanga. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Nikawasomea kanuni kwa sauti, kila stadi na maelezo yake, karibu saa nzima. Halafu nikaanza kisa kilekile cha kitabuni, pamoja na vichekesho vyake: handaki lililochorwa kwenye mwamba, fuawe, kile chuma kizito cha mhunzi, likishuka kutoka mbinguni. Watatu hawakujua fuawe ni kitu gani. Wa nne alijua, kwa sababu babu yake alikuwa mhunzi, na yeye ndiye aliyeumaliza usiku. Akaniuliza bila utani: "Fuawe likimwangukia mtu anakufa. Sasa kinachochekesha ni nini?"

Nikaanza kueleza kwa nini inachekesha. Ukishafika hapo umeshakwisha. Karanga zilipoisha wakaaga, na kitabu kikapanda juu ya kabati la kwanza kati ya makabati manne.

Sasa usiku ule wa mvua sikuwa na nguvu za kumsomea mtu chochote. Nilikuwa nimetoka kazini, kiwanda cha samaki, mwisho wa mwezi, na ukiwa mhasibu mwisho wa mwezi hata watoto wako wanaanza kuonekana kama safu za tarakimu. Nikawaambia kwa kifupi: kila mtu awe mnyama anayemtaka, lakini awe mnyama wa hapahapa Mwanza. Sikuwa na hekima yoyote kusema "wa hapahapa". Nilikuwa nakwepa kueleza koyote wa katuni za Kimarekani ni mnyama gani.

Yule wa miaka 11 akawa Fisi, konda wa daladala. Kanuni zinataka kila mhusika awe na jambo analoliamini kwa moyo wote, na huyu akaandika kwenye karatasi yake: *Gari haijai*. Binti yangu akawa Korongo, wale wenye upara wanaosimama juu ya mapaa kule Mwaloni Kirumba wakingoja utumbo wa samaki, mabawa wameyakunja nyuma kama wazee wa baraza. Wa kwake ni hakimu mstaafu, anaamini kila anayefungua mdomo mbele yake anatoa ushahidi. Yule mdogo akafikiri sana, halafu akasema yeye ni dagaa. Dagaa mmoja. Anaamini sangara wote ni ndugu zake wa tumbo moja, na lengo lake maishani ni kuwakomboa jamaa zake walioanikwa.

Mhusika ana sifa nne. Misuli, wepesi na akili hazikutusumbua. Ya nne kitabu kinaiita *chutzpah*, neno la Kiyidi lililoingia kwenye Kiingereza cha Marekani, na mwaka 2004 nililitafsiri "ujasiri", na kila mtu akacheza kama askari. Safari hii nikawaeleza: ni ile hali ya mtu kupanda gari bila nauli halafu yeye ndiye anayemfokea konda. Binti yangu akasema, "Aah. Uso mkavu." Nikaandika Uso Mkavu. Miaka 20 nilikuwa na neno lenyewe mdomoni.

Tulikuwa na dadu moja tu, ya ludo, na mchezo unataka mbili. Binti yangu akaenda jikoni, akakata pembe ya sabuni ya mche kwa kisu, akaisawazisha mpaka ikawa mchemraba wa ukubwa wa kipande cha sukari guru, akatoboa vitone kwa ncha ya kalamu. Wino uliingia ndani ya vitone, rangi ya bluu kwenye sabuni ya manjano. Ilianguka mezani bila sauti kabisa, *pu*, na iliacha alama ya utelezi. Kila aliyeirusha alinuka mikono kama mtu aliyetoka kufua.

Na kulikuwa na jambo moja la kuwafundisha upya. Mtoto wa ludo amelelewa akiomba sita. Hapa unarusha dadu mbili, na jumla ikiwa sawa na namba ya sifa yako au chini yake, umefaulu. Kwa hiyo moja ndiyo inayoshangiliwa. Yule mdogo alipopata sita yake ya kwanza aliruka juu ya kochi akishangilia, na ikabidi kaka yake amshushe kwa huruma.

Kisa chenyewe kilijitunga. Jamaa za Dagaa, gunia zima, walikuwa wamepakiwa kuvushwa ng'ambo, Sengerema. Watatu wakafika kwenye kivuko cha Kamanga, karibu na Jiwe la Bismarck, lile mwamba maarufu wa ziwani, wakakuta pantoni imeshaondoka. Nikadhani watatafuta mtumbwi. Fisi akasema yeye hajaona kama pantoni imeondoka, kwa sababu alikuwa anahesabu chenji, kwa hiyo anaendelea kutembea tu. Anapita mwisho wa gati. Anaendelea. Na wenzake wanamfuata, maana konda ndiye anayejua njia.

Katika mchezo wowote mwingine ninaoujua, hapo unawaambia wametumbukia. Lakini nilikumbuka kanuni moja ya Toon ambayo mwaka 2004 niliisoma kwa sauti na kuipita. Mhusika akitembea mahali pasipo na chini, anarusha dadu za Akili. Akifaulu, anatambua kwamba amesimama hewani, anaanguka. Akifeli, hajui, na kwa kuwa hajui, anaendelea.

Fisi alikuwa na Akili 1. Mimi mhasibu nikaliona hilo papo hapo na nikatulia. Dadu mbili haziwezi kutoa jumla iliyo chini ya 2. Fisi huyo hawezi kufaulu mtihani wa akili mpaka kiama, maana yake anaweza kutembea juu ya Ziwa Victoria hadi Kenya. Akarusha kwa heshima, akapata 9, akaendelea kudai nauli.

Korongo akafeli pia. Binti yangu akatangaza kwamba mahakama haijapokea ushahidi wowote wa kuwepo kwa maji.

Dagaa alikuwa na Akili 5. Dadu ya ludo ikatoa 3. Ya sabuni ikateleza hadi ukingoni mwa meza, ikasita, ikalala kwenye 1. Jumla 4. Amefaulu. Nikamwambia taratibu: "Umetazama chini. Umeona huko chini ni ziwa."

Mtoto akanyamaza. Mshumaa hatukuwa nao, tochi ya simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, na uso wake niliuona nusu. Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyepewa habari nzito: "Kwani mimi natembea? Mimi si samaki?"

Kaka yake alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti, na huko chini akaendelea kucheka. Mimi machozi yalinitoka. Dagaa akatumbukia majini huku akipiga kelele za kuomba boya, na alipofika majini akakumbuka jambo la pili, kwamba anajua kuogelea.

Nisieleweke vibaya, usiku haukuisha kwa raha yote. Saa moja baadaye sangara mmoja, ndugu wa tumbo moja kwa mujibu wa imani ya Dagaa, alimpiga mkia, na pointi zake zikaisha. Nikatamka: Umeanguka Chini. Uso ukabadilika. Niliujua uso ule, ndio wa ubao wa ludo. Hakuwa na cha kupindua, akaenda zake chumbani, akajifunika blanketi gubigubi. Nikaweka dakika 3 kwenye simu na nikawazuia wenzake wasimfuate. Kengele ilipolia, mlango ukafunguka. Akaja na blanketi lake mabegani, akakaa, akasema Dagaa amerudi na sasa ana joho.

Nimefikiria sana zile dakika 3. Hakimu gani alizipima vizuri hivyo? Zingekuwa 10 angelala. Ingekuwa "ngoja mchezo uishe", kama ludo, angelia. Lakini dakika 3 ni muda wa kununa tu, kununa kwenyewe kunakamilika, halafu nafasi yako ipo palepale. Wiki ile ile nilianza kumwona anamrushia sangara matusi makusudi ili apigwe, akachemshe chai yake.

Kosa la pili, baada ya lile la 2004, lilikuwa langu pia. Jumamosi iliyofuata, kwa kulewa sifa, nikaandaa kisa. Kurasa nne za kauntabuku: wizi wa mnyama kisiwani Saanane, mlinzi mwenye siri, mtego mwishoni. Nilijivunia ule mtego. Watatu wakatakiwa kupanda gari Buzuruga kwenda mjini, jambo la sentensi moja. Fisi akagoma kuondoka kabla gari halijajaa, na kwa imani yake, gari haijai. Korongo akafungua kesi kituoni pale pale. Dagaa akawa shahidi, halafu mshtakiwa, halafu abiria wa kusimama. Nami kila baada ya dakika tano nawaambia: "Haya, sasa mmefika Saanane." Wananitazama, wanakubali kwa adabu, "Sawa, Shangazi," na kicheko kinazimika kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Tulifika Saanane. Mtego ulinasa. Hakuna aliyecheka, na yule wa miaka 11 akauliza kama anaweza kwenda kuangalia mpira.

Usiku nikausoma tena ukurasa unaomhusu msimulizi. Kitabu kinamwita mchora katuni. Binti yangu, anayesoma fasihi simulizi shuleni, ananiita fanani, na yeye na wenzake ndio hadhira. Ila hadhira ya mchezo huu haitikii "Pakawa!" ikatulia. Hadhira inaingia ndani ya hadithi na kuhamisha fanicha. Nikaona kwamba mwaka 2004 na Jumamosi ile nilifanya kosa moja lenye nguo mbili tofauti: mara ya kwanza nilileta vichekesho vya watu wengine, mara ya pili nikaleta vya kwangu, na mara zote nilivileta vimeshapikwa. Usiku wa mvua nilifika mikono mitupu, kwa uchovu tu.

Tangu hapo naandaa mistari mitatu. Nani ana nini, nani anakitaka, na kwa nini leo. Wakiniuliza jambo nisilolijua, mathalani kama kwenye choo cha stendi kuna ngazi, kitabu kina kanuni ya nusu kwa nusu: rusha dadu moja, 1 hadi 3 ipo, 4 hadi 6 haipo. Kwa mtu wa kazi yangu, kujibu swali kwa dadu ni kama kutembea uchi Makoroboi saa sita mchana. Nimezoea. Kuna wiki nimetamani kuipeleka kikaoni.

Jirani mmoja mtu mzima aliomba kujiunga mara moja. Alitaka kujua anayeshinda anapata nini. Tulikunywa chai.

Aliyeushika mchezo bila kufundishwa ni mama yangu. Alikuja kutoka Magu mwezi wa tisa, na watoto walipomaliza kumwamkia, "Shikamoo, Bibi," "Marahaba, wajukuu zangu," wakamvuta mezani kabla hajavua viatu. Akasikiliza maelezo yao, watatu wanaongea kwa pamoja, akasema: "Kumbe hadithi. Sasa hizo punje za nini?" Akakataa kurusha dadu. Alisema ametosha kurusha mambo duniani. Wakamwuliza atakuwa mnyama gani. Akatazama nje ya dirisha, mahali lile jiwe kubwa la jirani limekaa juu ya jiwe dogo, kama lilivyokaa tangu sijajenga, akasema: "Mimi jiwe."

"Bibi, jiwe si mnyama."

"Nimesema jiwe."

Imani yake akaamuru iandikwe hivi: *Sijawahi kusukumwa*. Halafu akatulia na chai yake. Fisi, Korongo na Dagaa wakahangaika karibu saa nzima jioni hiyo kulisogeza, kwa sababu gunia la jamaa lilikuwa nyuma yake. Wakalisukuma. Wakalishitaki. Wakalitoza nauli ya kukaa siti mbili. Bibi anapiga funda la chai. Mwishowe Dagaa akaja peke yake, akaliamkia jiwe: "Shikamoo, Jiwe." Mama yangu akaweka kikombe chini, akasema: "Marahaba. Kumbe mlikuwa mnataka kupita? Si mngesema." Akasogeza kiti chake hatua mbili.

Wote wakaduwaa. Kuduwaa nako kumo kwenye kanuni, mhusika akiona jambo lisiloingia akilini anabaki mdomo wazi, hatendi kitu. Nilitakiwa niwarushe dadu. Sikuona haja.

Asubuhi nilimkuta mama kwenye karai nyuma ya nyumba, anaosha vikombe vya jana, na povu limefika kwenye viwiko. Yule mdogo akatoka mbio kutafuta dadu ya sabuni, maana walikuwa wamepanga kucheza kabla ya chai. Mezani ipo ya ludo tu. Akatazama karai. Akatazama mkono wa Bibi, ambamo kulikuwa na kipande chembamba cha manjano chenye kitone kimoja cha bluu kinachoyeyuka.

"Bibi, hiyo ilikuwa dadu yetu."

"Ilikuwa sabuni."

Mtoto akachuchumaa kando ya karai, akalichunguza povu kwa muda. "Sasa hapa ni ngapi?"

Mama yangu akasuuza kikombe, akakigeuza kikauke, uso mkavu kabisa.

"Moja," akasema.